Msamaha wa Udhu

Kikuku cha Arafa kilisema kumi na moja.

Sakina Isuja aliugonga uso wa meza yake ya kioo kwa ukucha, namba ikabaki palepale. Kumi na moja kati ya arobaini. Kwa kipimo hicho binti wa kaka yake alikuwa mzima kuliko nusu ya wasichana wa Kondoa, mzima kuliko hata mtoto wa mganga mkuu, ambaye wiki ile alikuwa na kumi na nne kwa sababu ya hofu ya mitihani.

Naye Arafa alikuwa anakufa. Watu hupenda kulitia chumvi neno hilo, lakini hapa chumvi haikuwepo. Mtoto alianza kwa kuacha chakula cha mchana, akaacha na cha usiku, na sasa alikuwa anakunywa vijiko vitatu vya maji kwa siku, tena kwa kubembelezwa. Alisema kinachoingia tumboni lazima kitatoka, na kikitoka udhu umetenguka, na udhu ukitenguka kazi yote inaanza upya. Hospitali ilimtundikia dripu mara mbili ikamrudisha nyumbani. Mara ya pili daktari alimvuta Sakina pembeni akamwambia kwamba figo za mtoto hazitavumilia mara ya tatu.

Sakina akapiga simu Dodoma, kwenye wodi pekee iliyojua kuwafungua watoto waliofungwa na kitanzi cha namna hiyo.

"Kitanda kipo kimoja," alisema Sista Gaudensia, msimamizi wa vitanda. "Orodha inajifunga yenyewe saa kumi kamili jioni. Mtoto wako ana ngapi?"

"Sista, hali. Hanywi. Ngozi ya mikono imebaki kama ganda la kitunguu."

"Nimekuelewa, dada. Ana ngapi?"

"Kumi na moja."

"Wewe ni mpimaji, Sakina. Unajua mlango unafunguliwa na ishirini na nne. Siufungui mimi."

"Na kitanda kisipopata mtu leo?"

"Kitalala kitupu hadi mwezi ujao. Usinihukumu. Hata mimi kinaniuma."

Sakina alikata simu akaangalia saa ya ukutani. Saa saba na nusu mchana. Alikuwa na saa mbili na nusu, na tatizo lake halikuwa kwamba hakujua kwa nini namba ilikuwa ndogo. Alijua vizuri sana, kwa kuwa kosa lile alilitengeneza yeye kwa mikono yake, na watu wakampongeza.

*

Miaka minane nyuma, Mamlaka ya Upimaji ilipoleta vikuku Kondoa, kila kijana wa miaka kumi na mbili hadi kumi na minane alivishwa kimoja kwenye kifundo cha mkono. Ni kitu chepesi, rangi ya majivu, na hakivuliki bila ufunguo wa mpimaji. Kinasikiliza mapigo ya damu, kinahisi unyevu wa ngozi, kinahesabu mirudio ya kiwiko na midomo, yaani mara ngapi mtu amerudia tendo lilelile na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kiasi gani alipokuwa analirudia. Kila baada ya dakika kumi kinatoa namba. Waliokitengeneza walikifundisha huko kwao, kwa watu wanaonawa mikono wakitoka chooni na wakienda kula, basi, wakamaliza.

Sasa kilete kitu hicho Kondoa, mji wenye chemchemi isiyokauka na misikiti kila mtaa. Wiki ya kwanza wasichana mia tatu na kumi na wawili kati ya mia nne waliandikwa wagonjwa. Mikono mara tatu, mdomo mara tatu, pua mara tatu, uso mara tatu, mara tano kwa siku, na midomo inanong'ona. Kikuku kiliona wazimu mtupu. Na si jambo la kucheka, maana aliyevuka ishirini na nne jina lake linaingia daftarini, na aliye daftarini haruhusiwi kusomea ualimu, uuguzi wala udereva kwa miaka saba.

Sakina, wakati huo mpimaji mpya mwenye ulimi mkali, alisimama mbele ya wakubwa akawaambia kwamba mashine yao haijawahi kumwona mtu akitawadha. Akaandika sharti akalipachika ndani ya mfumo: adhana ikikaribia, kikuku kifumbe macho kwa saa moja. Akaongeza na sharti la pili, kwamba kilichotokea ndani ya saa hiyo kisihifadhiwe popote, kwani ibada ya mtu haiwekwi ghalani. Wapimaji wakaliita sharti hilo Msamaha wa Udhu. Wazazi walimletea kanga, kuku, na mzee mmoja alimletea beberu ambaye alimsumbua mwezi mzima kwa kula maua ya jirani.

Hakuna aliyejiuliza siku ile, naye Sakina hakujiuliza, itakuwaje akitokea mtoto ambaye ugonjwa wake wote unaishi ndani ya saa hiyo moja.

Arafa hakuwa mjanja. Hakuficha kitu. Shaka ilimjia adhana inapoita, ikamng'ang'ania mpaka swala ipite, na kikuku kilikuwa kimefumba macho. Baina ya swala na swala alikaa juu ya mkeka bila kujitikisa, asije akatengua. Kikuku kikifumbua macho kilimkuta ametulia hivyo, mikono mapajani. Kilikuwa kinampima mtoto mtulivu kuliko wote wilayani.

Sakina alifungua ukurasa wa masharti. Alikuwa na ufunguo wa kuufuta msamaha kwa mji mzima, mguso mmoja tu. Aliuweka ufunguo pale kwenye tundu lake akaona majina yakijipanga kusubiri: Mwasiti, Hidaya, Nuswaiba, Salha wa duka la vyuma ambaye alikuwa anangoja barua ya chuo cha uuguzi. Mia tatu na ushei. Wote wangewaka nyekundu kabla ya jua kuzama, na wodi ya Dodoma ilikuwa na kitanda kimoja. Akautoa ufunguo.

Palikuwa na njia ya mtu mmoja. Kwenye karatasi ya kila mvaaji kulikuwa na swali dogo ambalo yeye mwenyewe alilitunga, ili kikuku kijue nani kimsamehe na nani kisimsamehe. *Mvaaji anaswali?* Ndiyo au Hapana. Ukijibu Hapana, msamaha unaondoka kwa mtu huyo peke yake, na macho ya kikuku yanabaki wazi, hata saa ya alasiri, ambayo huanza saa tisa na kuisha saa kumi. Jibu linabadilishwa kwa kidole gumba cha mvaaji mwenyewe.

Sakina alikaa akilitazama swali lake. Aliona aibu, kisha akaona hofu, kisha akachukua pikipiki.

*

Haruni Isuja, kaka yake, alikuwa mwalimu wa madrasa na mtu wa utani, ingawa utani ulikuwa umemkauka tangu mke wake alipofariki miaka mitatu iliyopita. Sakina alimkuta uani amekaa kwenye kigoda kati ya mlango na bomba, kama askari. Bomba lile halikuwa na kishikio. Haruni alikitoa mwenyewe mwezi uliopita, na tangu hapo kilikaa mfukoni mwa kanzu yake, kwa hiyo akitembea utakisikia kikigongana na funguo. Kila swala alimpa binti yake birika moja la maji, si zaidi. Na birika lile nalo, Sakina aliwaza sasa, lilikuwa limemsaidia mtoto amalize ndani ya saa ya msamaha. Huruma ya baba na huruma ya shangazi zilikuwa zimemfunika mtoto pamoja, kama blanketi usoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Alimweleza. Hakuficha kwamba sharti ni lake, wala hakujitetea. Haruni alisikiliza huku akivuta ndevu zake chache, na Sakina alipofika kwenye lile swali, akaacha kuzivuta.

"Subiri nikuelewe. Ili mwanangu apate kitanda, inabidi iandikwe kwamba haswali."

"Ndiyo."

"Arafa."

"Ndiyo, kaka."

"Mtoto huyu anaswali kuliko mimi. Anaswali kuliko imamu. Tatizo lake lote ni kwamba anaogopa swala yake haifiki, na wewe unataka tumwonyeshe maandishi kwamba ni kweli haifiki."

"Nataka aishi," Sakina alisema. "Kaka, sina lingine. Nimelitafuta lingine tangu asubuhi. Daktari amesema..."

"Najua alichosema daktari."

Arafa alikuwa ndani, akiwasikia. Nyumba ya Haruni haikuwa na siri, kuta zake zilikuwa nyembamba na mlango ni pazia. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Miaka kumi na sita, na uso ulikuwa umebaki macho na mifupa. Miguu aliinyoosha mbele ili visigino visiguse kitu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia." Alilamba midomo, haikulowa. "Siwezi kubonyeza uongo, shangazi. Nikibonyeza, kila udhu nitakaotia nitajiuliza kama Mungu anafuata ile karatasi."

"Mungu hasomi karatasi za Mamlaka."

"Najua. Najua kabisa." Alitabasamu kidogo, tabasamu la baba yake. "Yakini haiondolewi na shaka. Baba kanifundisha, naweza kukupa na ufafanuzi wake. Kujua siyo shida yangu. Najua, halafu nahisi kisigino cha kushoto hakikupata maji."

Daima kilikuwa kisigino cha kushoto. Siku walipomwosha mama yake, wanawake walimpa Arafa, akiwa na miaka kumi na mitatu, amimine maji miguuni, kwa kuwa binti huwa na haki hiyo. Alimimina. Usiku wa tatu wa matanga alimwuliza Sakina kama maji yalifika kisigino cha kushoto, na Sakina, aliyekuwa amechoka na kilio na wageni, alimjibu, "Nadhani yalifika." Neno hilo *nadhani* limemtafuna Sakina mpaka leo.

"Basi nipe kidole tu," alisema. "Mimi ndiye nitakayekibonyeza. Dhambi iwe yangu."

Arafa alimtazama. Kisha, labda kwa uchovu, labda kwa huruma, alitoa mkono chini ya kanga akamwachia.

Sakina aliweka gumba lile kwenye kioo cha mkononi alichokuja nacho, penye lile swali. Kioo kilifikiri, kikakataa. Alilifuta kwa ncha ya kanga, akaliweka tena. Kikakataa tena. Aligeuza gumba kwenye mwanga wa pazia, ndipo akaona. Halikuwa na mistari. Lilikuwa jeupe na laini kama kokwa la ubuyu lililokwisha kumumunywa. Mtoto alikuwa amejiosha mpaka akaiondoa alama yake.

Alitamani kulia kwa sauti, lakini kioo kilikuwa tayari kimeandika maneno mapya, maneno ya kisheria ambayo yeye mwenyewe aliyahariri miaka minane nyuma akaona ni mazuri. *Alama ya mvaaji haisomeki. Mzazi atamke mbele ya mvaaji, kwa sauti, jina lake na jibu lake.* Lilikuwa sharti la kuwalinda watoto, asije mtu akawajibia mgongoni mwao.

Haruni alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasoma maneno yale juu ya bega la dada yake, akayasoma tena.

"Lazima anisikie," alisema.

"Lazima akusikie."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na dakika ishirini."

Haruni aliketi juu ya mkeka, mbali kidogo na miguu ya binti yake, asiiguse. Mtu aliyefundisha watoto mia sita kutamka herufi alishindwa kufungua mdomo. Alijaribu mara moja, akakohoa. Akajaribu tena.

"Mimi, Haruni Isuja, mzazi wa Arafa," alisema akiitazama sakafu. "Nathibitisha mbele yake kwamba mvaaji..."

"Baba, usiseme."

"...kwamba mvaaji haswali."

Kioo kikalia mlio mdogo wa kukubali.

Arafa alikuwa anamwangalia baba yake kwa mshangao wa mtoto aliyepigwa kofi na mtu asiyepiga.

"Ni kweli, Baba?"

"Si kweli." Machozi yalikuwa yanamshuka Haruni mpaka kwenye ndevu, wala hakuyafuta. "Mimi ndiye niliyesema uongo, na Mungu amenisikia, na itaandikwa kwangu. Wewe umeswali, mama. Tangu una miaka saba umeswali."

"Lakini umesema."

"Nimesema."

"Na ukisema kitu..." Arafa hakumaliza. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kukitafuta kisigino cha kushoto. Alipapasa, akanusa vidole, akapapasa tena. Pumzi yake ikawa fupi. "Umetenguka," alisema. "Nimesikia neno lile nikatikisika. Umetenguka. Baba, nipe birika."

*

Kikuku sasa hakingefumba macho alasiri ikikaribia. Sakina alisimama uani, kioo mkononi, macho yake yakienda kwa mtoto na kurudi kwenye namba.

Arafa alichuchumaa kwenye jiwe la kunawia, akanuia, akaanza. Mikono. Akasimama, akasema nia haikutulia, akaanza upya. Mikono, mdomo. Akaanza upya. Kufikia saa nane na dakika arobaini namba ilipanda kumi na tano. Sakina alihisi furaha ikimchoma kifuani kama pilipili, akaichukia furaha ile. Alikuwa amesomea miaka minne jinsi ya kumwondoa mtu kwenye mirudio, na sasa alikuwa anaihesabu moyoni akiomba iongezeke.

"Ngapi?" Haruni aliuliza bila kugeuka.

"Kumi na tano. Tunahitaji ishirini na nne."

Miguu ya Arafa ilikuwa inatetemeka. Alikwenda kwa matone, akiinamisha birika kidogo kidogo kama alivyozoea, kisigino cha kushoto mara tisa, mara kumi na moja, mara ishirini. Ngozi ilichanika juu ya kifundo, damu nyepesi ikachanganyika na maji, na damu nayo inahitaji kuoshwa. Kumi na nane. Saa tisa na dakika kumi aliteleza akakaa chini kwa kishindo, na Sakina akakimbia kumshika.

"Usiniguse, shangazi. Tafadhali. Ukinigusa naanza mwanzo."

Sakina akarudisha mikono yake nyuma. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi zote alizowahi kufanya, kuirudisha ile mikono.

Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja.

Saa tisa na nusu birika likaisha. Arafa aligeuza mdomo wa birika chini, likadondosha tone moja, kisha halikudondosha kitu. Aliendelea kusugua mikono mikavu, midomo inanong'ona. Dakika kumi zikapita, namba haikupanda. Kikuku kilikuwa kinatafuta unyevu, na unyevu haukuwepo.

"Imegoma," Sakina alisema. "Kaka, imegoma. Ishirini na moja. Inataka maji."

"Nikamjazie birika lingine kwa jirani?"

"Birika halitoshi. Anakwenda kwa matone. Muda umebaki dakika ishirini."

Haruni alimtazama binti yake kwenye jiwe. Mwezi mzima alikuwa amekaa kwenye kigoda kile akimlinda na maji. Alikuwa amemnyima akilia, amemnyima akimpigia magoti, amelala na kanzu mwilini ili mfuko usibaki peke yake. Kila mtu mtaani alimwambia amefanya vema, na ni kweli alifanya vema.

Akatia mkono mfukoni. Kishikio cha bomba kilitoka pamoja na funguo, akazitenganisha taratibu. Alikipachika mahali pake, kikakataa kwa kutu, akakipachika tena kwa ubavu wa kiganja mpaka kikaingia.

Arafa aliinua macho. Alikitazama kishikio, akamtazama baba yake, na Sakina akaona usoni mwa mtoto kitu ambacho hakikuwa furaha. Ilikuwa hofu ya mtu aliyezoea kushikwa mkono penye shimo, na sasa mkono umeachia.

"Baba, nikianza sitaweza kuacha," alisema.

"Najua."

"Utanifungia?"

Haruni aliangalia saa ya dada yake. "Saa kumi nitakufungia. Siyo kabla."

Akakizungusha kishikio mpaka mwisho. Maji ya chemchemi yakatoka kwa kishindo, baridi, mengi, yakamwagikia jiwe na miguu ya mtoto na pindo la kanzu.

"Osha, mama," alisema.